Kabla hujauza ekari ya kahawa kulipa karo ya ng'ambo

MACHI mwaka jana nilienda nyumbani Kirinyaga wazazi wangu walipokuwa wakipogoa kahawa. Sikuwa nimemaliza hata kikombe cha chai wakati jirani yetu, mzee wa rika la baba yangu, alipobisha hodi akiwa na bahasha mkononi. Alikuwa amesikia niko nyumbani.

"Kijana wangu," aliniambia baada ya salamu, "wewe ndiwe uliyesomea mambo ya pesa za shamba. Nisomee hii barua, kisha uniambie kama niuze au nisiuze."

Bintiye alikuwa amepata A- katika KCSE. Barua ilitoka kwa chuo kikuu kimoja cha kibinafsi nchini Marekani, na ilimpongeza kwa kupata nafasi pamoja na tuzo ya masomo ya dola 15,000 kwa mwaka. Wakala wa mjini aliyeshughulikia maombi alikuwa ameshalipwa, na sasa alitaka malipo ya pili. Mnunuzi naye alikuwa tayari: Sh2.5 milioni kwa ekari, na mzee alikusudia kuuza ekari mbili kati ya tatu alizorithi.

Niligeuza ukurasa. Upande wa pili, kwa maandishi madogo, chuo kilieleza kwamba karo, malazi, chakula, bima na vitabu vingegharimu dola 48,000 kwa mwaka. Ukiondoa tuzo, mzee angebaki na deni la dola 33,000. Kwa kukadiria dola moja kuwa Sh130, hizo ni Sh4.29 milioni kwa mwaka. Ekari mbili zingemlipia binti mwaka mmoja na miezi michache. Kwa miaka mitatu iliyosalia, barua haikusema lolote.

Mzee alikuwa amesikia neno "tuzo" na kuamini kwamba kazi imekwisha. Simlaumu. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu, wawe wa chai, maziwa au duka la rejareja, wangeelewa hivyo hivyo. Ndiyo maana leo nimeamua kuweka mezani vyuo viwili vya kibinafsi vya Marekani vinavyotofautiana sana kwa bei na kwa ugumu wa kuingia, ili tujifunze namna ya kupiga hesabu hii.

Vyuo vyenyewe ni Cornell, kilichoko mji wa Ithaca katika jimbo la New York, na Berea, kilichoko mji wa jina hilo hilo katika jimbo la Kentucky. Nimevichagua kwa sababu vyote vina mizizi yake shambani.

Vilianzaje?

Ezra Cornell alikuwa seremala na fundi mitambo aliyewahi kuzunguka akiuza plau. Alitajirika baadaye kwa biashara ya nyaya za simu za maandishi. Mwaka 1865 alishirikiana na msomi Andrew Dickson White kuanzisha chuo, akatoa shamba lake pamoja na dola 500,000. Chuo kilifungua milango 1868. Jimbo la New York lilikipa mgao wake wa ardhi chini ya sheria ya mwaka 1862, iliyowezesha majimbo ya Marekani kuuza ardhi ya umma ili kugharimia elimu ya kilimo na ufundi. Hivyo Cornell ni chuo cha kibinafsi, lakini shule yake ya kilimo hupata fedha za jimbo hadi leo.

Berea kilianzishwa 1855 na mhubiri John Fee, aliyepinga utumwa waziwazi katika jimbo lililokuwa bado na watumwa. Kilikuwa chuo cha kwanza kusini mwa Marekani kusomesha weusi na weupe, wanaume na wanawake, katika darasa moja. Mwaka 1904 bunge la Kentucky lilipitisha sheria ya kuwatenganisha, chuo kikaenda mahakamani, na mwaka 1908 kikashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Ilibidi kingoje hadi 1950, sheria ilipolegezwa, ndipo kikawapokea tena wanafunzi weusi.

Jambo la kumvutia mkulima ni hili: tangu 1892, Berea hakijamtoza mwanafunzi yeyote karo ya masomo.

Mlango mwembamba, mlango mpana

Huku kwetu tumezoea kupima ugumu wa kuingia chuoni kwa alama. Ukipata C+ una tiketi ya shahada, na kozi unayopata hutegemea pointi zako. Kule hupimwa kwa asilimia: kati ya watu 100 walioomba, wangapi walikubaliwa?

Kwa masomo yaliyoanza 2022, Cornell kilipokea maombi zaidi ya 71,000 na kuwakubali wapatao 5,200. Hao ni saba hivi kati ya kila 100. Berea hukubali zaidi. Katika miaka mingi ya karibuni kimekuwa kikichukua kati ya mmoja kwa kila wanne na wawili kwa kila watano wa walioomba.

Mtu akiangalia tarakimu hizo peke yake atasema Cornell ndicho kigumu na Berea ni rahisi. Lakini sisi wakulima tunajua kwamba idadi ya wanunuzi waliofika mnadani haitoshi kukuambia ubora wa ng'ombe. Asilimia ya kukubaliwa hutegemea pia ni nani aliyethubutu kuomba. Cornell huombwa na watoto wa matajiri na wa maskini kutoka kila pembe ya dunia, na kila mmoja hutuma maombi kwa vyuo vingi kwa wakati mmoja. Berea kimeweka uzio kabla ya mlango: mwanafunzi ambaye familia yake ina kipato kikubwa hachukuliwi, hata awe na alama za kung'aa. Pale umaskini wa mzazi ni sifa ya kujiunga.

Tena mlango huo mpana si mpana kwa kila mtu. Berea kina wanafunzi wapatao 1,500 pekee, na wengi hutoka Kentucky na majimbo jirani ya milima ya Appalachia. Nafasi za wageni kutoka nje ya Marekani ni kama 30 kwa mwaka, na zinagombaniwa na dunia nzima. Kwa hiyo mtoto wa Kirinyaga, Bomet au Kilifi anayeomba Berea asidhani anaingia kwa theluthi moja ile. Mlango wake ni mwembamba kama wa Cornell, pengine hata zaidi.

Hili ni somo la kwanza: ulizia asilimia ya wanafunzi walio kama mwanao, si ya chuo kizima.

Bei ya ubaoni na bei ya mfukoni

Katika mwaka wa masomo wa 2023/24, karo ya Cornell peke yake ilipita dola 65,000. Ukiongeza malazi, chakula na vitabu, jumla ilipita dola 85,000. Kwa makadirio yetu ya Sh130 kwa dola, hizo ni zaidi ya Sh11 milioni kwa mwaka mmoja.

Hata hivyo, si kila aliyeketi darasani amelipa kiasi hicho. Mkazi wa jimbo la New York anayesomea kilimo hulipa karo iliyo pungufu kwa karibu theluthi moja, kwa sababu ushuru wa wazazi wake umeshachangia. Raia wa Marekani kutoka familia ya kipato cha chini hupunguziwa zaidi. Kwa raia hao, Cornell huamua nani aingie bila kuangalia mfuko wa mzazi, kisha hufidia pengo kati ya gharama na uwezo wa familia.

Mwanafunzi wa kigeni hana bahati hiyo. Msaada upo lakini ni mchache, na mwombaji anayeuhitaji hupimwa pia kwa kuangalia atakigharimu chuo pesa ngapi. Vilevile, asiyeomba msaada wakati wa kutuma maombi asitarajie kuja kuuomba baadaye. Nimesikia wakala akimshauri mzazi asijaze sehemu ya msaada "ili mtoto aonekane ana uwezo, kisha tutalia tukiwa ndani." Ushauri wa namna hiyo ni sawa na kupanda bila kuuliza kama kuna maji.

Kwa upande wa Berea, ubao na mfuko viko karibu. Karo ya masomo hailipwi. Malazi na chakula familia huchangia kulingana na uwezo. Mwanafunzi wa kigeni hulipiwa karo, malazi, chakula na ada nyingine zote kwa mwaka wa kwanza. Kuanzia mwaka wa pili hutarajiwa kuweka akiba ya dola 1,000 hivi kwa mwaka kuchangia gharama zake, na chuo humpa kazi wakati wa likizo ndefu ili azipate. Hata fomu ya maombi hailipiwi, ilhali ya Cornell hugharimu dola 80 hivi.

Nani basi hulipa?

Mzee jirani aliniuliza swali zuri: "Hao wa bure wanakula nini?"

Wanakula faida ya akiba. Berea kina mfuko wa uwekezaji wenye zaidi ya dola bilioni 1.2, na sehemu kubwa ya matumizi ya chuo hutoka kwenye mapato ya mfuko huo. Tangu 1920, chuo kilijiwekea kanuni: urithi wowote kinachoachiwa na marehemu bila masharti huingizwa kwenye mfuko, hauliwi. Ni kama mkulima aliyeapa kutogusa mbegu hata njaa ibishe hodi.

Mfuko wa Cornell ni mkubwa zaidi, karibu dola bilioni 10. Lakini gawanya kwa idadi ya wanafunzi. Berea hupata zaidi ya dola 800,000 nyuma ya kila mwanafunzi. Cornell, chenye wanafunzi wapatao 26,000, hupata chini ya dola 400,000. Chuo kidogo cha milimani, kikipimwa kwa kila kichwa, kina akiba mara mbili ya kile chenye jina kubwa. Ukitaka kujua kama ahadi ya msaada itadumu miaka minne, usiangalie uzuri wa majengo. Angalia akiba.

Chanzo cha pili ni jasho. Kila mwanafunzi wa Berea hufanya kazi ya chuo kwa saa zisizopungua 10 kwa wiki. Wapo wanaosuka mifagio na kufuma vitambaa vinavyouzwa madukani, wapo wanaohudumia wageni katika hoteli ya chuo iliyofunguliwa 1909, na wapo wanaotunza ng'ombe, nguruwe, mbuzi na kuku katika shamba la chuo la takriban ekari 500, ambalo mazao yake huuzwa kwenye duka la chuo lenyewe. Kazi ni sehemu ya masomo, na mwanafunzi hupata tathmini ya kazi kama apatavyo ya hesabu au kemia.

Unanunua nini hasa?

Nisieleweke vibaya. Sisemi Cornell ni ghali bure. Bei hiyo inanunua vitu ambavyo Berea hakina: maabara kubwa, shahada za uzamili na uzamifu, na utafiti unaofika hadi mashambani mwetu. Kutu ya ngano aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na baadaye kusambaa hadi Kenya, ilipotishia ngano ya dunia, Cornell ndicho kilichoongoza mradi mkubwa wa kutafuta mbegu zinazostahimili, kuanzia 2008. Mbegu kutoka nchi nyingi zilijaribiwa katika mashamba ya utafiti ya Njoro. Kuanzia 2012 chuo hicho kiliongoza pia mradi wa kuboresha mihogo kwa kushirikiana na watafiti wa Uganda, Tanzania na Nigeria.

Berea husomesha shahada ya kwanza peke yake. Lakini miongoni mwa waliopitia huko ni Carter Woodson, mwanahistoria mweusi aliyehitimu 1903 kabla mlango haujafungwa, na John Fenn, aliyehitimu 1937 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia 2002. Mtoto anaweza kuanza shahada ya kwanza mahali pa bei nafuu, kisha akafuata maabara kubwa kwa shahada ya pili. Wanafunzi wengi wa uzamifu katika sayansi nchini Marekani husoma wakilipwa posho ya utafiti au ya kufundisha. Kwa mkulima mwenye mfuko mdogo, hiyo ndiyo njia yenye mantiki zaidi.

Hesabu ya mzee

Turudi kwenye bahasha. Nilimwomba mzee anitajie mavuno yake. Katika mwaka mzuri hupeleka kiwandani kilo 3,000 za kahawa mbivu. Tukakubaliana, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba analipwa Sh100 kwa kilo. Hizo ni Sh300,000 kabla ya mbolea, dawa na wachumaji. Pengo la mwaka mmoja lilikuwa Sh4.29 milioni. Ingemchukua misimu 14 ya kahawa, bila kula wala kunyunyizia dawa, kulipia mwaka mmoja.

Kisha nikamwonyesha jambo la pili. Tuseme chuo kinapandisha gharama kwa asilimia nne kila mwaka, nayo tuzo inabaki pale pale. Kufikia mwaka wa nne, dola 48,000 zinakuwa karibu dola 54,000, na pengo la dola 33,000 linakuwa dola 39,000. Huku shamba limeshauzwa, ekari moja iliyobaki ingetoa theluthi ya mapato ya zamani. Mzee angekuwa ameuza mtambo wa kuzalisha pesa ili kulipa deni linaloongezeka.

Kuna wanaosema Wakenya wamewahi kufanya hivyo wakafaulu. Ni kweli kwamba mwaka 1959 vijana 81 waliruka kwenda Marekani katika safari zilizoandaliwa na Tom Mboya, na familia nyingi zilichangisha kwa harambee. Lakini tukumbuke kwamba wengi wao walikuwa na ufadhili wa masomo uliotafutwa mapema, na jamii ilichangia nauli na matumizi. Tofauti ni kubwa kati ya harambee ya kumtafutia mtoto nauli na harambee ya kila mwaka kwa miaka minne. Nao wazazi wa Uasin Gishu walioandamana 2023 kwa sababu ya mpango wa kaunti wa masomo ya Finland na Canada wanajua uchungu wa kutoa pesa ya ardhi kabla ya kujua imepokewa na nani.

Maswali ya kuuliza

Mzazi mwenye barua kama ya mzee aichukulie kama mkataba wa mauzo. Ayajibu maswali haya kwa maandishi kabla ya kugusa hatimiliki.

Kwanza, jumla ya gharama kwa mwaka ni ngapi? Usikubali kuambiwa karo peke yake. Taka na malazi, chakula, bima, vitabu na nauli.

Pili, msaada uliotajwa ni wa aina gani? Ruzuku hairudishwi, mkopo hurudishwa, na kazi hulipwa baada ya kufanywa. Barua nyingi huvichanganya vyote kwenye jumla moja.

Tatu, msaada ni wa miaka mingapi na unaendelea kwa masharti gani? Tuzo inayokatwa mwanafunzi akishuka kidogo kwa alama ni hatari kwa mtoto aliye mbali na nyumbani.

Nne, mwaka wa pili utalipwa na nini? Ili mwanafunzi aombe visa, chuo humpa fomu ya I-20 baada ya familia kuonyesha ina uwezo wa kulipia mwaka wa kwanza. Ubalozi pia huuliza. Pesa za ardhi zinaweza kupita mtihani huo, lakini hazitakusaidia mwaka unaofuata.

Tano, mtoto atafanya kazi gani? Mwanafunzi mwenye visa haruhusiwi kufanya kazi ya chuo zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kutafuta kibarua cha mjini bila kibali kunaweza kumfukuzisha. Wakala akikuambia "atajilipia mwenyewe akifika", mwulize kwa saa ngapi na kwa kiasi gani.

Sita, wakala analipwa na nani? Vyuo vyenyewe hupokea maombi moja kwa moja kutoka kwa mwanafunzi. Mwalimu wa shule na simu yenye intaneti vinatosha kwa kazi nyingi wanazotozea mawakala.

Mwisho, anza mapema. Dirisha la kawaida la maombi ya Cornell hufungwa mwanzoni mwa Januari, wakati masomo huanza Agosti. Anayengoja matokeo ya KCSE ndipo atafute chuo amechelewa kwa mwaka mzima. Mwaka huo wa kungoja si hasara iwapo mtoto atautumia kufanya mtihani wa Kiingereza na kuandika maombi yake vizuri.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. Alikunja barua, akairudisha kwenye bahasha, akanyamaza kwa muda. "Na huyu mtoto nitamwambiaje?" aliuliza. Sikuwa na jibu la hesabu kwa swali hilo, kwa hiyo tulimwita. Binti alisoma ukurasa wa pili mwenyewe, polepole, akapiga hesabu kwa simu yake. Ni yeye aliyesema, "Baba, hii haitoshi hata nikienda." Alilia kidogo, kisha akaenda kuandaa chakula cha jioni.

Mnunuzi aliambiwa shamba haliuzwi. Wakala hakurudisha malipo yake ya kwanza hadi leo. KUCCPS ilimpa binti nafasi katika chuo kikuu cha umma, anasomea uchumi wa kilimo kwa mkopo wa HELB, na sehemu ya matumizi yake hutoka kwenye malipo ya kahawa ya baba. Kitu alichoniomba mwezi uliopita ni orodha ya vyuo vinavyolipia wageni kila kitu, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya nduguye aliye kidato cha tatu. Nilimtumia jina la Berea na maswali sita. Aliniambia babake ameyaandika kwa mkono na kuyabandika ndani ya kifuniko cha sanduku la hatimiliki.